Nati ya Taa ya Kushoto

Uani kwetu, nyuma ya ghala la saruji, tulikuwa mafundi sita, na wa umeme alikuwa mmoja tu. Wateja walimwita Fundi Dada, kwa sababu wengi siku ya kwanza walimwuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" naye aliwajibu, "Unaongea naye," bisibisi akiwa ameing'ata mdomoni. Mimi nashona viti vya magari. Meza yangu ya kukatia ngozi ilikuwa hatua nne kutoka kwenye benchi lake, kwa hiyo mengine ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa hana tena sababu ya kuficha.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mrefu, sauti ya chini, mikono isiyo na papara. Gari likishindikana kwingine, liliburutwa mpaka kwake. Hakuwa msengenyaji, na akiwa anakula alikumegea bila kukuuliza kama una njaa. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mwanamke mwenye roho mbaya. Roho yake ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na kidonda kimoja, na kidonda chenyewe kilikuwa gari.

Lilikuwa gari la baba yake. Rangi ya maziwa, mgongo wa mviringo, na taa za nyuma ndogo kama vikombe vya kahawa, kila moja na kioo chake chekundu, na chini yake kioo kidogo cha rangi ya chungwa cha indiketa. Mzee alikuwa makanika enzi zake. Alilinunua likiwa chakavu kutoka kwa bosi wake aliyekuwa akihama, akalifufua kipande kwa kipande. Alivyolipenda, mama yao, ambaye sasa ni marehemu, alilibandika jina la Bi Mkubwa. "Huyo ndiye wa kwanza," aliwaambia wageni. "Mimi hapa niliolewa wa pili."

Fundi Dada alipomaliza shule alikataa kazi ya ukarani aliyotafutiwa, akamfuata baba yake gereji. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Bi Mkubwa aliposumbua, walilala chini yake wote wawili, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakiombana spana. Mdogo wake wa kiume hakuwa na habari na mambo hayo. Alisoma, akawa mwalimu wa jiografia, na hata mtaani akaitwa Mwalimu tu. Alikuwa kijana mwema, mcheshi, lakini balbu ya chooni kwake ikiungua alimwita mtu aje abadilishe.

Kisha macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Akaacha kuendesha, gari likafunikwa turubai nyuma ya nyumba. Jumapili moja, familia yote ikiwa mezani, Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akaupapasa kama anayehakikisha ndio wenyewe, akasema, "Mwalimu, shika. Bi Mkubwa ni wako."

Wote wakapiga makofi. Fundi Dada alipiga kuliko wote. Halafu akaenda jikoni, akaosha sahani ambazo wifi yake alikuwa ameshaziosha.

"Mbona unarudia vyombo, wifi?" mke wa Mwalimu akamwuliza.

"Vina mafuta," akajibu.

Havikuwa na mafuta. Maji ya bomba yalikuwa yanamsaidia kutolia.

Mwaka mzima hakulitaja gari lile. Akisikia Mwalimu amelipeleka kwa fundi wa injini mji mwingine, anasema, "Vizuri." Akisikia limepakwa rangi upya, anasema, "Safi." Lakini kila alipokuja mteja na gari kuukuu, nilimwona anavyozidi kulikagua, anavyopitisha kidole kwenye kingo za milango, kisha anakunja uso kama mtu aliyeng'ata limau.

Asubuhi moja Mwalimu akaja uani, gari likivutwa kwa kamba. Rangi mpya iling'aa mpaka sote tukaacha kazi. Akashuka na viatu vyake vya ofisini, akaruka dimbwi la oili, akamkumbatia dada yake.

"Dada, kila kitu tayari. Zimebaki taa za nyuma na indiketa tu, nipeleke kwenye ukaguzi."

Fundi Dada baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi siku hiyo ni lile neno "tu".

"Kwa nini hukuniletea mwanzo?" akamwuliza.

"Sikutaka kukuchosha. Najua una kazi nyingi."

"Aha."

"Umekasirika?"

"Nikasirike nini? Acha ufunguo hapo."

Alifungua buti, akainama, akaangalia muda mrefu. Waya zilikuwa zile za zamani, zilizovikwa kitambaa badala ya plastiki, na ukizigusa kitambaa kilipukutika kama majivu. Baadhi alizifunga yeye na baba yake. Alizijua kwa mafundo yake. Nikamsikia akisema peke yake, "Hii ni yangu. Na hii. Na hii ya Mzee." Kisha akachukua koleo, akaanza kuzikata moja moja.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza alivuta waya mpya kutoka kwenye dashibodi, akazipitisha chini ya zulia la sakafuni, kando ya mlango wa kushoto, mpaka kwenye buti. Waya wa breki, waya wa taa ndogo, wa indiketa ya kulia, wa kushoto, kila mmoja na rangi yake. Siku ya pili aling'oa vikombe vya taa, akavisugua kutu kwa msasa, akachomea soketi mpya kwa risasi ya kuyeyusha. Akiwa anafanya kazi anasema maneno ambayo hayakuwa ya umeme.

"Wewe umewahi kumwona anajua hata betri iko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mwalimu wa milima na mabonde."

"Simjui kwa undani," nikasema, nikaendelea na uzi wangu.

"Wifi yangu ameshafuma vitambaa vya kuweka kwenye viti. Vyeupe, na maua pembeni. Kwenye viti vya Bi Mkubwa! Viti ambavyo nimevisugua kwa mikono hii." Akachomea, akainua kichwa tena. "Maua ya waridi, kwa taarifa yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mwalimu akamleta Mzee asikilize. Kuona alikuwa haoni zaidi ya vivuli, lakini masikio yake yalikuwa makali. Wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, mlango wazi. Fundi Dada alikuwa amejikunja ndani ya buti, nusu mwili ndani, nusu nje, anamalizia.

"Washa kushoto," Mzee akasema.

Mwalimu akasukuma kijiti cha indiketa. Tak, tak, tak, taratibu.

"Hiyo iko sawa. Kulia."

Takatakatakataka.

"Inakimbia," Mzee akasema papo hapo. "Balbu moja haijawaka. Mbele au nyuma?"

"Nyuma, baba," Fundi Dada akajibu kutoka kwenye buti. "Naikaza sasa hivi."

Akaikaza. Mlio ukatulia. Mwalimu akakanyaga breki, taa zote mbili nyekundu zikawaka, na sisi tuliosimama nyuma tukashangilia. Mzee akasikia shangwe, akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata ubavu wa Mwalimu, akampigapiga begani mara tatu.

"Mwanangu," akasema, "umemrudisha. Umemrudisha kweli. Ahsante."

Mwalimu akasema, "Baba, kazi ni ya dada." Lakini alisema kwa sauti ndogo, na Mzee alikuwa ameshaanza kusimulia habari za safari fulani ya zamani. Fundi Dada, ndani ya buti, aliisikia ile ahsante tu.

Kila taa huhitaji waya wa kurudisha umeme kwenye bati la gari, mafundi wanauita waya wa ati. Huo unafungwa kwa nati, chuma kwa chuma. Ukifungwa juu ya rangi, au nati ikiwa imelegea, taa itawaka vizuri gari likiwa limesimama, lakini barabarani, kwa mitikisiko, itafifia, itachezacheza, siku moja itazima. Fundi Dada aliweka waya mmoja tu wa ati kwa taa zote mbili, kwenye kona ya kushoto, na wakati wa kujaribu alikuwa ameushikiza kwenye bati kwa kibanio tu. Sehemu ile ilikuwa na rangi mpya. Alikuwa na msasa mkononi, tayari kuikwangua.

Hakuikwangua. Akaiweka nati juu ya rangi, akaizungusha kwa vidole, spana ikiwa pembeni yake. Akafunga buti.

"Nilitaka arudi," aliniambia baadaye. "Nilitaka gari liwe linamsumbua kila wiki, alilete, nilifungue, alilete tena. Nilitaka asiweze kukaa nalo bila mimi. Wallahi sikuwaza zaidi ya hapo."

Gari likapita ukaguzi. Mwalimu akapiga simu kwa furaha, akasema mkaguzi amesifu taa kuliko kitu chochote. Fundi Dada akajibu, "Hongera." Halafu akaanza kusubiri.

Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, gari likapita barabara ya mbele ya uani, Mwalimu kwenye usukani, mkewe kando yake, kiwiko dirishani. Wifi akapunga mkono. Fundi Dada akapunga pia, meno nje, kisha akageuka akaniambia, "Umemwona alivyokaa? Utafikiri kazaliwa humo." Taa za nyuma zilikuwa zinawaka vizuri kabisa. Alizitazama mpaka zikapotea, na nikaona amechukia.

Wiki ya tatu alianza kupoteza usingizi. Alisema mara mbili alishika simu amwambie mdogo wake alete gari "nikaze kitu fulani", na mara zote mbili akakumbuka ile ahsante, akaiweka simu chini. Wivu una ujinga wake. Alijua nati iko vipi, alijua barabara zilivyo, lakini alitaka aombwe kwanza.

Alhamisi mchana simu ikaita. Alikuwa anakunywa chai. Nilimwona anasimama, anaivua ovaroli.

Gari la mkate lilikuwa limemgonga Bi Mkubwa kwa nyuma kwenye makutano. Mwalimu hakuumia. Mzee, aliyekuwa amekaa nyuma, alijishikiza kwenye kiti cha mbele, kiwiko kikapinda, mfupa wa mkono ukavunjika.

Nilimpeleka hospitali kwa pikipiki yangu. Kwenye korido tukamkuta Mwalimu, shati limechomoka, na kwenye benchi la pili mtu mwembamba mwenye koti la kampuni ya mkate, kofia mikononi. Huyo ndiye aliyekuwa dereva.

"Sikuona taa," alikuwa anarudia. "Naapa sikuona taa hata moja. Angekanyaga breki ningeona."

"Nilikanyaga!" Mwalimu akapaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Na taa zimefungwa na dada yangu, huyu hapa. Uliza mji mzima. Taa za dada yangu hazikosi kuwaka. Wewe ulikuwa unachezea simu."

"Sikuwa na simu, mwalimu. Bosi wangu amesema ikionekana ni uzembe wangu, nisirudi kazini."

"Basi usirudi!"

Fundi Dada alisimama katikati yao. Aliniambia kwamba pale alitamani mdogo wake amtukane. Miaka yote alikuwa anamwona kama mtu aliyempokonya kitu, na sasa mtu huyo yuko tayari kumwangamiza mgeni kwa sababu ya imani aliyonayo kwa mikono ya dada yake. Akaingia kumwona Mzee, akakaa naye, akamshika mkono ule mzima, akatoka bila kuitaja nati.

Kesho yake asubuhi askari wa barabarani alikuwa amewaita wote kituoni, mahali gari lilipowekwa. Nilikwenda na Fundi Dada. Bi Mkubwa alikuwa amebonyea buti, taa ya kushoto imevunjika, vipande vya kioo chekundu bado vimeng'ang'ania ukingoni. Askari, mtu mzima mwenye kalamu nyuma ya sikio, akauliza nani ana la kuongeza kabla hajaandika.

Fundi Dada akapita mbele. Akafungua buti kwa kulilazimisha, akanyoosha kidole kwenye kona.

"Njooni muone," akasema. "Nati hii."

Akaishika kwa vidole viwili, ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Hii ndiyo inayorudisha umeme wa taa zote za nyuma. Ikilegea, taa zinazima. Dereva wa mkate anasema kweli."

Mwalimu akaikodolea macho. Kisha akamgusa dada yake bega, kwa upole kabisa. "Ulichoka, dada. Siku tatu umejikunja humu. Ulisahau."

Njia ilikuwa imefunguliwa hapo. Angeipita, hakuna ambaye angejua, hata mimi.

"Sikusahau," akasema.

"Unamaanisha nini?"

"Spana ilikuwa pembeni yangu. Niliiacha makusudi. Nilitaka likusumbue, ulirudishe kwangu."

Askari akaichukua kalamu yake kutoka sikioni, akaishika tu. Dereva wa mkate akakaa chini kwenye tairi lililokuwa pale, akafunika uso kwa kofia. Mwalimu aliuondoa mkono wake begani mwa dada yake, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoa mkono kwenye kitu cha moto.

"Baba alikuwa ndani," akasema.

"Najua."

"Baba alikuwa ndani, dada."

Akaondoka kwa miguu, hakuomba hata kupanda pikipiki.

Dereva alirudi kazini. Fundi Dada aliandikishwa maelezo, akapewa onyo kali na adhabu yake, akaikubali bila kubishana. Uani tulijua wote, maana maneno hayafichiki, na wateja wawili wakahamia kwingine. Hakuwalaumu. Kwa wiki nyingi alikuwa akikaza kila nati mara tatu, na akimaliza anamwita mwenye gari: "Njoo ushike mwenyewe."

Kwa Mzee, aliyekuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, alikwenda jioni ya siku ileile ya kituoni. Alimkuta kitandani, mkono kwenye plasta, redio ikiongea taratibu. Akamweleza yote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Juu ya rangi?" akauliza.

"Juu ya rangi, baba."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kukwangua rangi."

"Ndiyo, baba."

Fundi Dada akaona kama hatauliza sasa, hatauliza tena maisha yake yote.

"Kwa nini ulimpa yeye?"

"Aliomba," Mzee akasema, kana kwamba hakuna cha kushangaza. "Alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa, akasema, baba naomba gari lako, nitalitengeneza uje upande tena kabla hujafa. Nikampa."

"Mimi nilidhani unajua kwamba nalitaka."

"Ningejuaje? Wewe miaka kumi na mmoja umefanya kazi na mimi, hujawahi kuniomba kitu. Hata mshahara nilikuwa nakushikisha kwa nguvu. Nilidhani umelichoka gari lile. Mimi mwenyewe kuna siku lilinichosha."

"Ningeomba, ungenipa?"

Mzee akafikiri. "Sijui," akasema. "Pengine ningewakatia katikati. Wewe ningekupa upande wenye injini." Akacheka kidogo, mkono ukamuuma, akaguna. Kisha akasema, bila kucheka tena, "Lakini ulichofanya ni kibaya sana, mama. Sitakuambia si kitu."

"Najua."

"Basi nipe maji."

Mwalimu hakuongea naye miezi miwili na nusu. Salamu zilipitia kwa wifi, na wifi, ambaye Fundi Dada alikuwa amemsema kwa vitambaa vyake, ndiye aliyekwenda na kurudi bila kuchoka, leo anasema, "Amekusalimu," kesho anasema, "Hajakusalimu, lakini alisikia salamu zako." Ndiye pia aliyepata kioo cha taa ya kushoto kwa mtu mwenye magari mabovu, akakileta uani kimefungwa kwenye gazeti.

Siku gari lilipokuja, buti limenyooshwa, Mwalimu alikuja nalo. Hakumkumbatia. Alichukua kibao, akakaa nyuma ya gari, akasema, "Leo nataka kuona kila kitu."

Fundi Dada akamwonyesha. Alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, akamwambia aguse. Aliweka waya wa ati wa peke yake kwa kila taa. Mwalimu aliuliza maswali ya mtu asiyejua kitu, naye akajibu yote, hata ya kijinga. Ilipofika kwenye nati ya kushoto akampa spana.

"Kaza wewe."

"Kwa nguvu gani?"

"Mpaka ikatae. Usiivunje."

Mwalimu alikaza, ulimi nje, jasho likimtoka puani. Mikono yake ya chaki ilichafuka mpaka kwenye vifundo. Wakajaribu: taa ndogo, breki, kushoto, kulia. Zote zikawaka. Mwalimu akajifuta mikono, akachukua ufunguo.

"Mdogo wangu," Fundi Dada akamwita. "Naomba niliendeshe. Mpaka barabarani tu, nirudi."

Niliacha kushona. Mwalimu alimtazama dada yake, akautazama ufunguo.

"Leo hapana, dada," akasema. "Bado."

"Sawa."

Akawasha, akaondoka. Kwenye geti aliweka indiketa ya kulia, ikapepesa, akaingia barabarani.

"Imeniuma," Fundi Dada akasema.

"Hapana ya leo?"

"Na ile ya zamani, ya Jumapili ya ufunguo. Zote bado zipo." Akaokota kipande cha waya kilichobaki chini, akakitia mfukoni mwa ovaroli. Kulikuwa na lori linamsubiri, honi yake haikuwa inalia tangu juzi, na mwenye lori alikuwa ameshaanza kununa. Akachukua taa yake ya kupimia, akaenda.